Picha ya fimbo sebuleni kwa babu yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema uliingia kwenye jumba la makumbusho huko Ulaya ukakuta ukutani picha kama ile ya sebuleni kwa babu yako hapa Katuba, mtaa wa mji wetu wa Lubumbashi, Kongo: mfungwa amelazwa kifudifudi anachapwa, bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya gereza. Ukaniuliza, "Mama, nani anatundika mateso mbele ya wageni wanaokunywa chai?" Nilicheka, kisha nikaona sina jibu la haraka.

Picha zile tuliziita Colonie Belge, yaani koloni la Ubelgiji. Miaka ya 1970 zilijaa Lubumbashi. Mchoraji alipita nyumba kwa nyumba, picha kwapani, mkapatana bei mlangoni. Turubai ilikuwa gunia la unga, limepakwa rangi na kuwambwa kwenye mbao. Ile ya babu yako, ukiigeuza, uliona herufi za kampuni ya unga zimefifia lakini zinasomeka. Mimi nilijifunzia kusoma hapo, usicheke.

Lazima ujue sebule ilikuwa nini siku hizo. Mwanamume mwenye mshahara alitakiwa awe na viti, redio, vitambaa vya kufuma juu ya viti, na picha. Asipokuwa na picha watu walijiuliza mshahara unakwenda wapi. Babu yako alianza na Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki, ngozi nyeupe, saa mkononi na nyoka pembeni. Watu walisema humpa mwanamume utajiri, mradi atunze siri yao. Bibi yako hakumpenda hata kidogo. "Mzee akipata fedha, sifa za samaki," alisema. "Akikosa, lawama zangu." Siku moja nguva akaondoka, sikuambiwa alikokwenda, na Colonie Belge ikachukua msumari wake.

Babu yako alisema picha ile ni ukumbusho. Ndilo neno lililozaa hayo makumbusho uliyoingia, ila huko kwenu mtu anatazama kimya na kusogea mbele. Kwetu picha ilikuwa ya kuanzisha mazungumzo. Mgeni alikaa, akaitazama, akaanza kusimulia baba yake alichapwa wapi na kwa kosa gani.

Na siku hizo Kongo iliitwa Zaire, chini ya Rais Mobutu, chama kimoja, na masikio kila mahali. Huwezi kukaa sebuleni ukalalamika juu ya askari waliokupora njiani. Lakini nani atakukamata kwa kusema Wabelgiji walichapa watu? Sasa itazame tena hiyo picha. Mbelgiji amesimama tu kando na kofia yake. Fimbo iko mkononi mwa askari mweusi, mtu wetu kabisa. Namkumbuka rafiki wa babu yako mmoja, alimtazama yule askari hadi chai ikapoa, akasema, "Hata leo." Basi, maneno mawili. Babu yako akamwongezea chai ya moto, wakahamia habari za mpira.

Bibi yako hakumtazama askari. Alitazama wale wanawake pembeni, waliomletea mfungwa chakula na kusimama wakilia. Alisema mchoraji amewaweka pembeni kwa sababu hajawahi kubeba hicho chakula. Sikuelewa mpaka nilipoolewa. Na mimi sikumbuki mwanamke hata mmoja aliyebisha hodi na picha kwapani. Aliyeamua nani awe katikati ya gunia alikuwa mwanamume siku zote.

Wapo wachoraji waliothubutu zaidi. Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa 1947, alichora historia ya nchi nzima mwaka 1973 na 1974, picha 100 hivi, akamweleza Johannes Fabian, mtafiti wa mila na tamaduni, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chetu hiki hiki ambacho binamu zako wa Dar wanakicheka. Alijiona mwanahistoria. Kwenye kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliyeuawa karibu na mji huu Januari 1961, aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Kumchora Lumumba hakukuwa kosa, maana Mobutu mwenyewe alikuwa amemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Lakini ukishaona misalaba, unaanza kumtafuta Pilato ni nani, na hapo kila mtu alimaliza sentensi moyoni mwake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alikoishia.

Usiwafanye malaika, lakini. Walichora ileile mara nyingi kwa sababu ndiyo iliyouzika, na watoto walipaswa kula. Babu yako naye kama asingeona Colonie Belge kwa jirani, sidhani kama angeitaka.

Yetu iliharibika kwa mvua ya paa lililovuja. Rangi ilibanduka kuanzia kwenye bendera, askari akabaki karibu mpaka mwisho. Bibi yako akaitoa kwenye mbao, akailoweka, akaanikia mihogo juu yake.

Ukirudi kule, waombe wakuonyeshe mgongo wa picha. Niandikie ni unga wa kampuni gani.

Mama yako