Kuja Dodoma mwisho wa juma kwa mfuko wa mwanafunzi

Ndugu aliyeuliza kama yeye na mwenzake, wanafunzi wa chuo jijini Dar es Salaam, wanaweza kuja Dodoma Jumamosi na kurudi Jumapili wakiwa na shilingi 120,000 kila mmoja, jibu langu ni kwamba inawezekana. Nimesoma hapa na nikabaki hapa, na kwa wageni niliowapokea nimeona kwamba kinachowamalizia fedha si chakula wala kitanda, bali ni bodaboda na bajaji, kwa sababu mji huu umetawanyika mno. Kwa hiyo pangeni safari yenu kwa kufuata pande za mji, wala si kwa orodha ya vivutio.

Nauli ya treni ya kawaida ya SGR ni shilingi 31,000, yaani 62,000 kwenda na kurudi, na mtabakiwa na 58,000. Basi nalo lipo, lakini linakula karibu siku nzima, na ninyi siku mnazo mbili tu. Pandeni treni ya asubuhi ya Jumamosi badala ya ile ya Ijumaa jioni, kwa maana anayeshuka usiku hulipia kitanda cha ziada na hukuta daladala zimekwisha, akabaki mikononi mwa bodaboda. Wafanyakazi wengi wenye familia Dar huondoka hapa Ijumaa na kurejea Jumapili, hivyo ninyi mtakuwa mnakwenda kinyume na msongamano wao. Hata hivyo, kateni tiketi mapema na mje na kitambulisho mlichokitumia kuikata.

Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Kondoa, na kwangu mimi huo unazidi kivutio chochote cha mjini. Wafugaji huleta ng'ombe na mbuzi, nguo za mitumba hutandazwa chini, na nyama huchomwa hapohapo. Changeni fedha mnunue nyama kwa kilo, na mwulize bei kabla haijawekwa jikoni. Nendeni kwa daladala na mrudi kabla ya jioni, kwa sababu magari ya kurudi mjini hujaa vibaya.

Kuhusu malazi, msimtegemee rafiki aliye hosteli, kwani kubebana, yaani kumlaza mwenzako kwenye kitanda chako, hakuruhusiwi na atakayeingia matatani ni yeye. Rafiki mwenye geto mtaani ni jambo jingine, lakini mpelekeeni walau unga na mboga. Mkikosa, tafuteni gesti ya kawaida karibu na katikati ya mji na mchangie chumba.

Jumapili tembeeni kwa miguu: Nyerere Square, Msikiti wa Gaddafi (vaeni mavazi ya heshima), kisha stesheni ya zamani ya reli ya kati. Kwa mama lishe ulizeni ugali na mlenda, na msione haya mkishindwa kuuchota mlenda mara ya kwanza. Anayetaka kukiona Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 huko Chimwaga, apande daladala, lakini aache Mji wa Serikali wa Mtumba, ambako Jumapili ofisi zimefungwa na nauli imekwenda bure.

Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, msiibane katika safari hii. Lami ipo, lakini ni zaidi ya kilomita 150, na ukifika kuna kiingilio, mwongozaji na usafiri wa kuyafikia mapango. Hiyo ni safari ya peke yake, tena ya kundi kubwa la kuchangia gari.

Mwisho ni tarehe. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo, kama ilivyo wakati wa mahafali ya vyuo, vyumba huadimika na bei hupanda hadi kwenye gesti za uchochoroni. Kama mapumziko yenu yanaangukia humo, pigeni simu mpate chumba kwanza, ndipo mkate tiketi ya treni.