Muulize Bi Mhazini: Mshahara Unaingia, Kadi Iko kwa Mkopeshaji

SWALI

Shikamoo Bi Mhazini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kihonda, Morogoro, na mume wangu na watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la tatu, wa pili anaanza la kwanza Januari. Mshahara wangu ni 780,000, lakini mkopo wa benki na makato mengine yakishatoka nabaki na 290,000.

Februari mama aliugua, nikakopa 500,000 kwa mtu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, riba asilimia 20 kwa mwezi. Alichukua kadi yangu ya ATM na namba ya siri. Mshahara ukitoka anakata 100,000 yake, ananipa zilizobaki. Hiyo ni riba tu, 500,000 bado nadaiwa nzima. Kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nina hisa za 420,000 na mkopo wa 150,000 ambao narejesha 30,000 kila mwezi. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba, hesabu ya 10,000 kwa siku anampelekea mwenye pikipiki, imebaki miezi mitano iwe yake. Hajui habari za kadi. Pesa ikipungua namwambia makato yameongezeka.

Nimepanga chumba cha tuisheni ya jioni ili nijazie. Narudi saa mbili usiku, watoto wamelala, nimeajiri dada wa kuwaangalia. Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu aliniita kuniambia mwanangu hafanyi kazi za nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke. Afisa mikopo wa benki ananiambia bado nina nafasi ya topapu, yaani kuongezewa mkopo juu ya ule nilio nao. Na Oktoba kuna harusi ya binamu wa mume wangu, nimeahidi 100,000. Nianzie wapi?

Mwalimu, Kihonda

JIBU

Marahaba mwanangu, na mama pole yake. Barua yako nilipoisoma nilikuandikia kukuomba hesabu ya tuisheni na mambo mengine machache, nawe ukanitumia siku hiyo hiyo. Asante, maana bila hizo namba ningekujibu kwa hisia. Nimekuwa mhazini wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya walimu Tanga mpaka nikastaafu, na walimu wengi waliokuja mezani kwangu walikuwa wanafanya kazi ya pili ambayo hawajawahi kuipigia hesabu.

Basi tuipige yako. Watoto 12, shilingi 500 kwa siku, siku 20: ni 120,000. Toa chumba 30,000. Toa mshahara wa dada 60,000, kwa sababu mwenyewe umesema umemwajiri kwa ajili ya tuisheni. Toa bajaji ya kurudi usiku 1,000 kila siku, 20,000 nyingine. Inabaki 10,000, na sijagusa chaki wala chakula cha huyo binti. Jioni zako zote za mwezi, pamoja na madaftari ya mwanao yasiyokaguliwa, umeziuza kwa shilingi elfu kumi.

Funga kile chumba. Sisemi uache tuisheni. Chagua watoto wanane wanaokaa jirani, waje kwako barazani, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili na nusu. Hiyo ni 80,000 bila kodi na bila bajaji, na mwanao wa darasa la tatu anakaa kwenye mkeka huo huo na wenzake. Yule mdogo atawasumbua, mpe ubao wake aandike herufi. Dada usimfukuze kama anayefukuza kuku. Mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 kisheria, naye ana kwao wanaotegemea hizo 60,000. Mwambie mapema, msaidie kutafuta nyumba nyingine.

Sasa huyu bwana wa kausha damu. Machi hadi Agosti umeshampa 600,000 kwa deni la 500,000, na deni halijapungua hata shilingi. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Kwa deni lako hiyo ingekuwa 17,500, wewe unatoa laki nzima. Na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu hakopeshi kibiashara bila leseni. Muulize leseni yake iko wapi. Nina hakika atacheka, lakini muulize, ajue unajua.

Hela ya kumlipa unayo, umeikalia. VICOBA vingi vinakopesha mpaka mara tatu ya hisa, na kwa hisa zako za 420,000, mkopo ulio nao sasa haufiki hata robo ya hapo. Omba 500,000, lipa kausha damu yote kwa mkupuo. Pamoja na ile 150,000 utakuwa na mkopo wa 650,000. Umeniambia riba ya kikundi chenu ni asilimia 5 ya salio kwa mwezi. Sasa hivi kila mwezi zinakutoka 100,000 za kausha damu na 30,000 za VICOBA. Peleka hizo 130,000 zote VICOBA. Jikoni kwako hakuna kitakachobadilika, utabaki na 160,000 ile ile unayobaki nayo leo. Ila kuanzia Septemba deni litaanza kuyeyuka, na mkivunja kikundi Desemba kugawana hisa litakuwa limebaki kama 230,000. Wakikata kwenye hisa zako bado una kama 190,000 na gawio lako la faida juu yake, wakati sare na madaftari ya Januari yanapiga hodi.

Najua kwa nini hujaomba. Unaona aibu wanakikundi watajua mwalimu ameweka kadi rehani. Mwanangu, katika wale akina mama, naapa wapo wawili au watatu ambao kadi zao ziko kwenye mtoto wa meza ile ile. Mfuate mwenyekiti nyumbani kabla ya siku ya kikao, umweleze yeye kwanza.

Siku ya kulipa usiende peke yako. Nenda na mashahidi wawili, mkataba uandikwe "deni limelipwa lote", tarehe na sahihi, upige picha. Chukua kadi yako mkononi, na kutoka hapo nenda benki moja kwa moja ubadilishe namba ya siri. Wako watakaokushauri utoe taarifa kwamba kadi imepotea, upewe mpya, yule bwana abaki na plastiki. Kadi yako hana haki ya kuishika, hilo halina ubishi. Lakini umeweka sahihi kwenye karatasi zake, na watu hawa huwa wanasainisha na hati ya kuuziana televisheni na friji. Lipa, utoke mlangoni kwa heshima.

Topapu kataa. Afisa mikopo hajakudanganya: kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara inakutaka ubaki na 260,000, wewe una 290,000, kwa hiyo 30,000 ya kukata bado ipo. Na riba ya benki ni ndogo kuliko ya VICOBA, hilo nalo ni kweli. Tatizo ni kwamba mkopo unaanza upya na miaka inarudi nyuma, kwa shida ambayo unaweza kuimaliza kabla ya Krismasi. Kisha mama akiugua tena, Mungu apishe mbali, utakuwa huna pa kushika.

Kuhusu harusi, ahadi ya 100,000 ni kadi ya watu wawili. Mpigie mweka hazina wa kamati wiki hii, mwambie umeshuka kwenye 50,000. Atanung'unika kidogo, hiyo ndiyo kazi yake. Mchango ni hiari, na kamati zote huwa zinaweka nafasi ya walioahidi wakaingia mitini. Wewe angalau umetoa taarifa.

Limebaki la mume, na hapa ndipo nitakapokusumbua. Mwanaume anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatafuta 10,000 ya tajiri kabla hajapata ya kwake, na anaporudi anaambiwa makato yameongezeka. Kuna siku atamuuliza mwalimu mwingine kijiweni kama na yeye ameongezewa makato. Heri asikie kwako. Umesema Jumapili hapeleki hesabu, basi chagua Jumapili, watoto wakiwa kwa jirani. Usianze na machozi wala na habari ya riba. Anza na ugonjwa wa mama, kwa sababu ndiko deni lilikotoka na yeye alikuwepo. Kisha weka daftari mezani, ukurasa mmoja, madeni yote kwa namba. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee, na usimkumbushe makosa yake ya mwaka juzi.

Halafu muoneshe Februari. Mkataba ukiisha, hesabu ya 10,000 kwa siku 26 ni 260,000 kila mwezi inayobaki nyumbani, karibu sawa na mshahara wako unaofika mkononi. Wengi pikipiki ikishakuwa yao wanachukua ya pili kwa mkataba mwezi huo huo. Kubalianeni mapema kwamba miezi sita ya kwanza hakuna pikipiki ya pili: sehemu iende kwenye matengenezo na bima, sehemu iwe akiba ya ugonjwa isiyoguswa, kwenye akaunti ambayo mmoja wenu hawezi kutoa bila mwenzake.

SWALI FUPI

Bi Mhazini, nilikopa 80,000 kwenye programu ya simu. Nimechelewa siku chache, wanawatumia ujumbe bosi wangu na shemeji zangu kwamba mimi ni tapeli. Nifanyeje?

Kijana, Mwanza

JIBU

Hifadhi kila ujumbe, mwambie na bosi akutumie picha za ujumbe alioupata. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, angalia kama ya kwako imo. Imo au haimo, kuwatangaza wadaiwa kwa watu waliowakuta kwenye simu yako hakuruhusiwi: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Peleka. Ile 80,000 uliyoichukua irudishe, kwa njia yenye risiti. Na kabla hujaifuta programu, ingia kwenye mipangilio ya simu uizuie kusoma majina na ujumbe wako. Shemeji zako wapigie wewe mwenyewe leo jioni.