Ile maski ya uso ya bei kali: mwenzenu niliinunua, njooni niwasimulie

Jana usiku nimepata meseji ya msomaji mmoja, kaandika kifupi tu: "Dada, ile maski ya kulainisha uso uliyoposti mwaka jana bado unatumia? Nimeanza kujichanga na mimi niinunue." Nikacheka peke yangu kitandani, halafu kicheko kikaisha, maana kweli niliposti picha ya kopo na maneno matamu matamu na sikurudi tena kuwaambia kilichoendelea. Basi leo nimerudi.

Niseme kwanza kitu ambacho siku ile sikukiandika. Ile maski niliinunua kwa hasira. Tulikuwa chooni kazini, mimi na mwenzangu mmoja tunanawa mikono, akaniangalia kupitia kioo akasema, "We, mbona uso umechoka hivyo, unalalaga kweli?" Na watu wapo. Akakung'uta mikono akaondoka zake. Nina uhakika alishasahau kabla hajafika kwenye kiti chake, ila mimi naandika hapa sasa hivi na ile sauti bado naisikia. Wiki hiyohiyo nikatoa karibu theluthi ya mshahara, jamani, theluthi, kwa kopo moja linaloenea kiganjani.

Lakini kopo lenyewe sasa! Kioo kizito, kifuniko cha rangi ya dhahabu, na kijiko kidogo kama cha mdoli kimelazwa kwenye kijishimo chake ndani ya boksi. Nililifungua polepole kama mtu anafungua majibu ya mtihani. Nikapaka usiku, nikalala chali nisichafue mto, asubuhi nikakimbilia kioo na kweli uso ulikuwa laini, ile mistari midogo chini ya macho imepotea kama haijawahi kuwepo. Nikapiga selfi bila filta, nikaposti. Ndiyo ile mliyoiona, mkanimwagia makopa.

Ambacho hamkukiona ni jioni yake. Mistari ilikuwa imerudi yote. Ikawa ndo maisha hayo, asubuhi nimo, jioni simo.

Baadaye ndo nikaja kuelewa kwa nini. Ile ngozi ya juu kabisa, ambayo ni seli zilizokwishakufa, ni nyembamba kuliko unywele, na ikinywa maji inavimba kidogo, mistari inajifuta. Maji yakipotea hewani inasinyaa, unarudi ulipokuwa. Kwa hiyo maski haikuwa inadanganya, ilikuwa inafanya kazi yake ya masaa kadhaa, sema hiyo kazi ya masaa kadhaa hata vitu vya bei ya chini vinaifanya na hilo hakuna aliyeniambia. Au niliambiwa nikaziba masikio, maana nilikuwa nimeshalipa.

Kopo lilipofika nusu nikaanza ubahili, napaka kidogo kama chumvi, na mashavu yakaanza kuwasha. Ndo siku hiyo nikasoma lebo. Maandishi madogo mpaka nikayapiga picha na simu nikayavuta. Sikilizeni hapa, maana hiki ndicho kitu cha maana kuliko vyote kwenye hii posti: viambato kwenye lebo hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi kinatangulia, na vile visivyofika asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga anavyotaka. Cha kwanza kwenye langu kilikuwa aqua, yaani maji. Cha pili gliserini. Lile ua adimu lililochorwa kwenye boksi, lililonifanya nitoe kadi, lilikuwa limekaa mkiani, nyuma ya fenoksiethanoli (kwenye lebo linaanzia na ph). Hiyo ni dawa ya kuzuia krimu isioze, na sheria za Ulaya haziruhusu izidi asilimia 1. Sasa kama ua limepangwa nyuma ya kitu kisichozidi asilimia 1, piga hesabu mwenyewe umelipia ua kiasi gani. Manukato yalikuwa mbele ya ua! Na manukato ni moja ya vitu vinavyoongoza kuwashisha ngozi za watu.

Niliumia. Nikasema sikubali kuumia bure, nikafanya jaribio langu. Mashavu yalipotulia, wiki 2 nzima kila usiku, upande wa kushoto maski, upande wa kulia nanawa, naacha uso ukiwa bado na majimaji, nachanganya matone machache ya gliserini na maji kiganjani, napaka, halafu juu yake mafuta ya mgando kidogo sana, kama punje. Gliserini inavuta maji, mafuta yanayafungia yasitoroke, basi, hakuna uchawi mwingine. Hayo mafuta ya mgando mkemia Robert Chesebrough aliyawekea hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani tangu 1872 na mpaka leo ni vitu vichache sana vinavyoyashinda kwa kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi. (Kama uso wako una mafuta mengi utayaona mazito, tumia losheni nyepesi isiyo na harufu.)

Mdogo wangu ndo alikuwa hakimu. Kila asubuhi anagusa mashavu yote mawili, hajui upi ni upi, anachagua lililo laini zaidi. Asubuhi 14. Kulia mara 8, kushoto mara 6. Mtu mwingine angesema hapo ni sare. Mimi nilisema nimeibiwa.

Kwa hiyo dada yangu uliyeniandikia, na nyie wengine wote, maana najua sote tunautaka ule uso wa kung'aa na tusidanganyane: kabla hujalipa, geuza kopo usome lebo. Ukishasoma, soma tena. Ukiona maji na gliserini mbele na lile jina la kifahari mkiani, jua unalipia kioo, dhahabu na kijiko cha mdoli. Na kama hela unayo na ile harufu inakupa raha usiku, nunua, sikukatazi, raha nayo inalipiwa. Lakini usijichange. Usikope. Usipunguze mambo ya msingi ili upake ua lisilofika asilimia 1, halafu jioni upo palepale. Tujifunze kupenda nyuso zetu jamani, tuache kununua vitu kwa sababu ya maneno ya watu wa chooni, mtu anakwambia umechoka wewe unakimbilia dukani, je akikwambia mfupi utanunua miguu? Lala. Soma lebo. Na uso ukianza kuwasha acha hapohapo, usiendelee kwa sababu umelipa kama nilivyofanya mimi, na usipotulia nenda kwa daktari wa ngozi.

Yule mwenzangu wa chooni wiki iliyopita kanisimamisha kwenye korido: "Siku hizi unang'aa, unapaka nini?" Nilikuwa na mwezi mzima wa gliserini na mafuta ya mgando usoni. Nilitakiwa nimwambie ukweli, najua. Nikamtajia jina la ile maski.