Kabla hujalipia paneli, omba karatasi ya vipimo

Nafunga sola huku Tanga, na swali la kwanza la wateja ni lilelile: "Fundi, hii ina ufanisi asilimia ngapi?" Yaani, katika nguvu ya jua inayoipiga, inageuza kiasi gani kuwa umeme. Mimi silianzi hilo. Paneli ya wati 550 ni wati 550, iwe na ufanisi wa asilimia 20 au 22. Yenye ufanisi mkubwa inakula nafasi ndogo, basi. Kama paa lako ni pana, hela hiyo ya ziada iongeze kwenye betri.

Uliza joto. Wati za kwenye karatasi hupimwa seli, yaani vile vipande vya ndani ya paneli vinavyotengeneza umeme, ikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati, jua la Januari, seli hufika 65 bila taabu. Tafuta mstari wa Pmax (wati za juu kabisa za paneli) wenye alama ya kutoa na asilimia kwa °C. Kuna aina tatu za seli: PERC hupoteza kama asilimia 0.35 ya wati kwa kila nyuzijoto, TOPCon kama 0.30, HJT kama 0.25. Zidisha kwa 40 (65 kutoa 25): PERC ya wati 550 imeshapoteza wati 77, HJT 55.

Tofauti hizo zimetoka maabara. Malighafi ya seli, silikoni, ni ileile waliyoitumia Bell Labs, maabara ya Marekani, mwaka 1954, wakapata ufanisi wa kama asilimia 6. Kazi kubwa ya watafiti tangu hapo imekuwa kuzuia umeme usipotee ndani ya seli yenyewe, hasa pale silikoni inapogusana na metali. Kundi la Martin Green kule Australia lilifunika mgongo wa seli kwa tabaka la kuhami, wakaacha vitobo tu vya metali kugusa. Hiyo ndiyo PERC. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ikatangaza TOPCon: chini ya metali kuna utando wa oksidi wa nanomita moja au mbili, mwembamba kiasi kwamba elektroni hupita. HJT hutumia silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele kama utando huo.

Silikoni peke yake, kinadharia, inakomea asilimia 29.4 hivi. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha paneli ya kawaida ya silikoni yenye "asilimia 35", mshukuru, uondoke.

Na yoyote utakayonunua, mwambie fundi asiilaze juu ya bati. Aache sentimita kumi hivi upepo upite.