Mwenza wako anapoingilia mambo ya kazini kwako

Nimefanya kazi ya utumishi kiwandani hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Kati ya migogoro yote inayopita mezani kwangu, ile iliyotiwa mkono na mume au mke wa mfanyakazi ndiyo migumu kuimaliza. Si kwamba wana nia mbaya. Karibu wote wanakuja kwa sababu wanampenda mtu wao na wamechoka kumwona akirudi nyumbani kanuna. Tatizo ni kwamba wanakuja na nusu ya habari.

Angalia tunavyosimulia kazi tukifika nyumbani. Msimamizi amekufokea saa nne asubuhi mbele ya wenzako. Jioni unamweleza mumeo neno kwa neno, na sauti unaiga. Kesho yake msimamizi anakuita pembeni, mnaelewana, kazi inaendelea. Hilo la pili husimulii, kwa kuwa haliumi. Miezi inapita, wewe ulishasahau, mumeo bado ana kinyongo, na siku wakikutana msibani hata mkono hampi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza nampa mfanyakazi mwenyewe: ukipeleka ugomvi nyumbani, peleka na ulivyoisha.

Dada mmoja wa idara ya kufungasha aliomba mwenyewe zamu ya usiku. Alikuwa na hesabu zake: mchana awepo nyumbani kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na sheria inampa nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Nyumbani alichosimulia ni uchovu tu. Siku moja saa tano usiku msimamizi wake akapokea ujumbe kutoka kwa mume: "Mke wangu hafanyi tena zamu ya usiku. Ukiendelea tutaonana." Asubuhi msimamizi alikuja ofisini kwangu na simu mkononi, anataka vitisho vile viingie kwenye faili. Yule dada alisimama mlangoni analia, maana ujumbe ulikuwa umeshazunguka kwa wenzake wote. Tuliwasuluhisha, na kwenye faili hakikuingia kitu. Lakini msimamizi hakutaka tena lawama, akamrudisha zamu ya mchana asiyoitaka.

Ukipewa barua ya kujieleza, mwenza akae nawe, aisome, akukumbushe tarehe, akufutie sentensi za hasira. Asikuandikie majibu. Barua iliyoandikwa na mtu wa nje huwa inajibu mambo ambayo hayakuulizwa, na ukiulizwa kikaoni juu ya aya ya tatu unabaki kimya. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka upewe muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, kwa kawaida usiopungua saa 48, na uruhusiwe kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Mume au mke hayumo. Nimewaona wakibishana na mlinzi getini wakati muda ule ungetumika kumtafuta mtu wa ndani anayejua utaratibu.

Ukifukuzwa, hapo sasa mwenza anahitajika kweli. Aliyeachishwa kazi hujifungia ndani, anaona aibu, hataki hata kupokea simu, na siku zinakwenda. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mwenza azihesabu siku hizo, akuamshe, mwende pamoja kuchukua fomu. Nimeona haki za watu zikipotea hivi hivi, hakuna aliyewakumbusha tarehe.

Akina mama wengi wanaofika kwangu wanafuata mshahara. Wanaomba kuoneshwa slipu ya mume, au tukate kiasi tuwatumie wao. Nawahurumia sana, ila bila ridhaa yake slipu siioneshi, na mshahara haukatwi kwa maombi ya mke. Mama, kama watoto hawapati matunzo, nenda Ustawi wa Jamii kwenye halmashauri yako, na ikibidi mahakamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya matunzo. Mahakama ikiamuru makato, mwajiri atakata. Ukienda kupiga kelele getini, unahatarisha kibarua chenyewe unachotegemea kiwalishe watoto.

Kuna jambo moja ambalo sitamwambia mume akae pembeni: bosi anapomtaka mke wake kimapenzi kwa kumtishia kazi au kumwahidi cheo. Ila asiende kumpiga. Akimpiga, kesi inageuka, na mshtakiwa anakuwa yeye. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhini jumbe zote bila kufuta hata moja, kisha pigeni TAKUKURU kwa namba 113, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Na ewe mume, mwamini mkeo kuanzia siku ya kwanza. Wanawake wengi wananyamaza ofisini kwa sababu wanaogopa swali watakaloulizwa nyumbani.

Na hata kama kazini kwako hakuna ugomvi wowote, mwenza wako anatakiwa kuwa na namba yako ya NSSF, nakala ya mkataba, jina la idara yako na simu ya mtu mmoja wa utumishi. Ikitokea ajali au msiba, mwenye karatasi hizo anahudumiwa mapema. Nimepokea wajane waliojua jina la kampuni tu, wakazungushwa wiki nzima na watoto mgongoni. Mwandikie mwenzako hayo yote, na umwoneshe kabati zilipo.