Mkate wa jana na yai

Umeuliza sisi wapenda kula tunakula nini siku tusiyotaka kupika. Mimi ni mkate na yai la kukaanga, basi. Tena mkate wa jana, si wa leo. Mkate uliolala ukiupasha moto unarudi kuwa laini ndani, maana wanga uliokakamaa hulegea tena joto likifika kama nyuzi 60, huku nje unakauka na kulia kwacha ukiuma. Ila ule upesi, ukipoa ni mgumu kuliko mwanzo.

Yai nalitaka kwa moto mdogo, kikaango kimefunikwa. Ute hushika kabla ya kiini, kwa hiyo ukiwa na subira unapata weupe ulioiva na kiini kinachotikisika bado. Nakitoboa kwa kona ya mkate, kinamwagika, nakifuta chote. Chumvi naweka mwisho, punje chache juu ya kiini. (Kwa mjamzito na mtoto mdogo, kaanga mpaka kiini kiive kabisa, kuna salmonela, bakteria wa kuharisha.)

Sosi ya nyanya juu ya yai? Hapana, hapo tutagombana. Kwenye viazi vya kukaanga sawa, mradi viazi vyenyewe visifunikwe. Mtu anakaanga vizuri, vimekauka, kisha anavitia kwenye chombo chenye kifuniko! Mvuke wake wenyewe unavilowesha, unafungua unakuta vimelegea kama vya kuchemsha.

Na hayo yote nakula nimesimama kando ya jiko. Sahani ya nini?