Anatumia klozapini, ana homa: pimeni damu leo

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Dawa mbili za mwanzo hazikuzinyamazisha sauti alizosikia usiku. Klozapini ndiyo iliyomrudishia usingizi na mazungumzo. Wiki ya 9 akaamka na homa, koo linamuuma. Mama akasema, "Malaria hiyo." Dukani wakatupa dawa ya mseto bila kumpima, tukaridhika.

Kesho yake akawa haamki. Namwita, anafumbua macho nusu. Foronya imelowa mate chapachapa. Ndipo nikafungua daftari lake la kliniki. Ukurasa wa kwanza nesi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Homa? Damu leo."

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, naomba unisikilize hapa. Klozapini inaweza kuziangusha chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Humpata chini ya mtu 1 kati ya 100, zaidi katika wiki 18 za mwanzo, lakini ikimpata, koo tu linaweza kumuua. Mwaka 1975 huko Finland wagonjwa 8 walikufa hivyo, na nchi nyingi zikaiondoa. Ilirudi kwa sharti la kupima damu mara kwa mara. Kipimo hichohicho mdogo wangu alikichukia, nami kwa huruma nikamruhusu kukiruka mara mbili. Nilikosea sana.

Chembe zake zilikutwa salama. Tatizo lilitokea upande ambao sikuujua: mwili unapopambana na maambukizi, ini hupunguza kasi ya kuivunja klozapini, hivyo vidonge vilevile vya jana vinakuwa dozi kubwa. Daktari akaipunguza mpaka homa ikaisha. Msiipunguze wenyewe, wala msiiache ghafla. Na mtu wa duka akitoa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, mwambieni mgonjwa anatumia klozapini, kwani nayo huipandisha klozapini kwenye damu.

Na kwa ugonjwa wa akili unaoanza: akili ikivurugika ndani ya siku au wiki chache, pamoja na homa, degedege au midomo inayojichezesha, mwambieni daktari hayo mapema. Mwaka 2007 daktari wa mishipa ya fahamu Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo, kwa wanawake vijana waliokuwa na uvimbe, wengi kwenye ovari. Unatibiwa kwa kuutoa uvimbe na kuituliza kinga, na wengi hupona.

Yale maneno mekundu nimeyanakili. Karatasi moja iko mlangoni, nyingine kwenye pochi yake nyuma ya kitambulisho, na ya tatu anayo mama.